Nani Katoa Maneno Nje

3 Februari

Kasuku mpwa wangu,

Salamu nyingi. Huku mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Natumaini pumu haijakusumbua na vumbi hili, na kwamba dawa yako ya kuvuta huisahau nyumbani.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili, kisha nikavaa miwani nikaisoma vizuri. Umejaza kurasa mbili kwa habari za kazi na chumba chako kipya, halafu chini kabisa, kama mtu anayefagia taka na kuzisukuma chini ya mkeka, ukaandika: siku hizi kila Alhamisi nakwenda kwenye kikundi kidogo, tunajifunza kuomba. Basi. Nukta. Ukaniaga.

Mimi nimekagua mizani ya maduka miaka thelathini na moja. Mwenye mizani mbovu hakuonyeshi mizani kwanza. Anakupa kiti, anakuuliza habari za nyumbani. Kwa hiyo nina maswali, na nataka majibu.

Mko wangapi? Kiongozi ni nani, na nani alimpa uongozi? Mnakutana wapi, na mlango mnaufunga? Kuna mtu anayeandika yanayosemwa? Na huko kuomba mnajifunzaje? Wewe ulibatizwa una miezi mitatu. Nilikuwepo, ulilia mpaka kanisa zima likageuka. Jumapili tunakwenda, tunaimba, tunarudi. Kuna nini zaidi cha kusomea?

Usinijibu kwa simu. Maneno ya simu hayashikiki.

Mjomba wako


12 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo, kifua kimetulia. Pole na goti. Hizo ngazi unazopanda ni za wapi, nawe unakaa nyumba isiyo na ghorofa? Naona na mimi nimeanza kukagua.

Najibu. Tuko watano. Anayetuongoza ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, tunamwita Mwalimu tu. Hakuna aliyempa uongozi, ila ndiye mwenye ufunguo. Chumba kiko juu ya duka la kuchapa kadi na kalenda. Mashine zinapiga kelele mpaka saa kumi na moja jioni, zikizimwa ndipo tunaanza, na wino unanukia mpaka kwenye nguo. Wengine ni mkunga mstaafu, fundi bomba mmoja mwenye mzaha mwingi, na mzee niliyeshtuka kumkuta pale, kwa sababu anapiga deki kwenye kliniki yetu ya macho. Kila asubuhi tunapishana kwenye korido, yeye na ndoo, mimi na trei zangu za vioo vya miwani, na sikuwahi kumuuliza zaidi ya habari za asubuhi. Wote wanamwita Mzee Deki.

Hakuna anayeandika. Tunasoma Sala ya Bwana, mstari mmoja kila wiki. Mwalimu anasema tumeisema maisha yetu yote mbiombio kama watu wanaokimbia mvua. Kwa hiyo tunasoma mstari, tunauliza maana yake, halafu kila mtu anafumba macho na kuusema kwa maneno yake mwenyewe.

Wiki ya kwanza nilikwama kwenye neno "Baba". Unajua sijawahi kumwita mtu hivyo. Nikakaa kimya mpaka nikasikia tumbo la Fundi Bomba likinguruma. Mkunga akanishika mkono, akasema, "Anza na uliyenaye." Nikaanza na wewe. Nikamwambia Mungu, Wewe ni kama mjomba wangu, umenilea na unauliza maswali mengi. Wakacheka, nami nikacheka, na baada ya hapo maneno yakatoka.

Mpwa wako,
Kasuku


20 Februari

Kasuku,

Salamu. Mimi ni mzima. Ngazi ni za posta, kama ulitaka kujua.

Umenifananisha na Mungu mbele ya fundi bomba, sijui nishukuru au nitubu. Lakini sijaridhika. Nitakuambia jambo ambalo nilikupunguzia ulipokuwa mdogo.

Mama yako naye alianza na watu wachache wazuri. Walimletea uji alipougua, walimsaidia kufua. Mimi mwenyewe niliwasifu. Kisha wakaanza kumfundisha kuomba. Kisha wakamfundisha kwamba anayeomba sawasawa hahitaji sindano za kisukari. Dada yangu alikuwa na akili kuliko mimi, Kasuku, shuleni alinipita kila mtihani, na alizifungia sindano kwenye bati la biskuti akaliweka juu ya kabati. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa kwangu wiki ile. Nilipofika kumwona, walikuwa wamemzunguka wanaimba, na yeye alikuwa amekwisha kupoa. Wakaniambia nisilie, nitawavunjia imani.

Nimekueleza ili usiniambie mjomba ni mtu wa shaka tu. Naenda kanisani, nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na naona kila anayeingia. Kikundi sikijui. Siku watakayokutaka useme siri zako kwa sauti, chukua mkoba wako utoke. Mtu akishakuwa na siri yako, amekushika shingo.

Mjomba wako


14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hujambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ilinikalisha kitandani muda mrefu. Habari za bati sikuzijua. Nilimuuliza Mkunga, mbele ya wote, wanasemaje kuhusu dawa. Badala ya kujibu akaniuliza, "Yako iko wapi?" Nikaitoa mkobani. Akaitikisa sikioni, akasema imekaribia kwisha, ninunue nyingine kabla ya Jumatatu. Hilo ndilo jibu nililopata.

Lakini kuna jambo lingine, na najua utakasirika. Tumefika kwenye mstari wa kuomba msamaha. Mwalimu alisema kila mtu aombe kimya moyoni, anayetaka kusema kwa sauti aseme, asiyetaka aache. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema.

Mwezi wa Desemba nilikuwa na trei mbili mezani, wateja wawili wenye jina moja la ukoo, mmoja dereva wa lori, mwingine mama mshonaji. Nikabadilisha karatasi za vipimo bila kujua. Vioo vya mshonaji nikamkatia dereva, na vya dereva nikamkatia mshonaji. Yule mama alirudi baada ya siku tatu analalamika kizunguzungu. Nikagundua, nikamkatia vingine harakaharaka, nikamwambia fremu ilipinda. Dereva hakurudi. Namba yake ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi nikaificha chini ya droo. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini, nikaogopa. Tangu hapo kila lori likipita naangalia uso wa dereva.

Nilipomaliza kusema, Mzee Deki ndiye aliyefumbua macho kwanza. Akasema, "Mungu umeshamwambia. Dereva bado hajui." Nikaahidi nitamwambia bosi mwisho wa Aprili nikishapata barua ya kuthibitishwa. Hakujibu. Alinitazama tu.

Sasa wanaojua ni wale wanne na wewe. Usinigombeze sana.

Kasuku


2 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Nimesoma. Umenikosesha raha.

Usiende huko Alhamisi. Ukiulizwa, sema unaumwa. Na usimwamini anayekutazama bila kujibu. Mengine niachie mimi.

Mjomba wako


19 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Sijui nianzie wapi. Samahani kwa mwandiko.

Jumanne bosi aliniita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa amekwisha kuivuta droo yangu, karatasi ya dereva ilikuwa mezani kwake. Akaniambia amepata habari kutoka kwa mtu anayenitakia mema. Alijua kuhusu Desemba. Alijua kuhusu vioo vya mshonaji. Alijua hata kwamba nakwenda kwenye kikundi cha maombi kila Alhamisi, na akaniuliza kama huko ndiko tunakofundishwa kuficha makosa. Nimeandikishwa maelezo, nimesimamishwa mpaka dereva apatikane.

Nilitoka mle ofisini namtazama kila mtu. Halafu nikamwona Mzee Deki mwisho wa korido, amepiga magoti anakwangua gundi ya fremu sakafuni, na nikajua. Nani mwingine katika wale wanne anaingia kliniki kila siku? Nani aliniambia dereva bado hajui?

Alhamisi nilikwenda. Sikukaa. Nilisema, "Kuna mtu humu ametoa maneno nje." Mwalimu akafunga Biblia yake taratibu. Fundi Bomba akaapa si yeye, kabla hata sijamtazama. Nikamgeukia Mzee Deki, nikamwambia, "Umefurahi sasa? Ulikuwa huna subira ya wiki mbili?"

Akasema, "Mwanangu, sikwenda kwa mtu." Nikamwambia asiniite mwanangu. Akasimama, akachukua koti lake, akashuka.

Ulinionya. Nilikuona mtu wa shaka, kumbe mimi ndiye niliyekuwa mjinga.

Kasuku


27 Aprili

Kasuku mpwa wangu,

Pole sana, tena sana. Natumaini unakula. Mtu akisimamishwa kazi hujisahau.

Sasa umeona. Watu ni watu, hata wakifumba macho. Huyo bosi akikuuliza tena, jibu kwa ufupi, usiongeze neno. Nafikiri hatakufukuza, maana kosa lilikuwa la bahati mbaya na wewe ni fundi mzuri. La maana ni kwamba umetoka kwenye hicho kikundi. Usirudi.

Kuhusu huyo mzee wa deki, sina la kusema. Mwache aende zake.

Mjomba wako


11 Mei

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo, nawe goti linaendeleaje?

Dereva amepatikana. Hakupata ajali, na niliposikia hivyo nilikaa sakafuni. Lakini sikiliza. Aliendesha siku nne na ile miwani, akaona barabara inapinda mahali paliponyooka. Akafikiri macho yake yanakufa kama ya baba yake, ambaye alikufa kipofu. Akarudisha funguo za lori. Tangu Januari amekaa nyumbani, anaongozwa na mkewe mpaka dukani, anajifunza kutembea ameshika ukuta. Alikuwa anajizoeza upofu, Mjomba. Kwa ajili ya vioo vyangu.

Nilimkatia vingine mwenyewe, bosi amesimama nyuma yangu. Alipovivaa alisoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa. Mkewe akaanza kulia. Yeye akanigeukia, akaniuliza, "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nimerudishwa kazini, ila sikati tena vioo. Nafuta na kufunga miwani kwenye makasha.

Ninalotaka kukuuliza ni jingine. Habari za Mzee Deki nilizomwambia muuguzi mmoja kwa hasira zimeenea kliniki. Wanamwita Redio. Juzi akiingia chumba cha chai, wauguzi walinyamaza wote, na mmoja akavuta mkoba wake karibu, kana kwamba anayetoa maneno lazima awe na mikono mirefu pia. Ameomba zamu ya alfajiri, nadhani ili tusipishane. Alhamisi haji. Mkunga aliniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu, "Nani mwingine?" Akasema, "Mimi sikuulizi nani mwingine. Nakuuliza kama una hakika."

Sina. Nilikuwa nayo, imeniponyoka. Wewe umetafuta waongo maisha yako yote. Nisaidie. Mtu anajuaje?

Kasuku


20 Mei

Kasuku,

Leo sitakuuliza hali, sina uso wa kukuuliza.

Ni mimi.

Tarehe ishirini na saba Machi niliandika barua kwa mkuu wa kliniki yenu. Nilijitambulisha kuwa ni mlezi wako. Nikamwambia kuna kikundi kinawavuta wafanyakazi wake, kinawatoa siri za kazini, na kinatumia maombi kuwatuliza wasizungumze ofisini. Nilitaka akukataze kwenda. Nilijua hatanisikiliza bila jambo la kushika, nikampa habari za dereva. Nilimwomba asinitaje. Niliandika kwamba nakutakia mema, na Mungu anajua niliamini hivyo.

Nilidhani atakukanya tu. Ulipoandika kwamba umesimamishwa, nilitoka nje nikatembea mpaka jua likazama. Na ulipoandika kwamba umemshika yule mzee, nilipumua. Nataka ulijue hili, maana ndilo baya kuliko yote. Nilipumua. Nilijiambia, sasa atatoka kwa hasira zake mwenyewe, na mimi sitajulikana. Nikakujibu vile nilivyokujibu. Ile barua ilikuwa uongo toka juu mpaka chini, ila pole.

Nilikuwa naogopa wasikuue. Hilo si kisingizio, ni jinsi ilivyokuwa. Nilikagua kila mtu katika kile chumba nisichokijua, mmoja mmoja, na mimi sikujikagua.

Huyo mzee hana kosa. Mwambie. Au niambie nimwandikie.

Mjomba wako


6 Julai

Kasuku,

Natumaini u mzima. Wiki sita sasa, na simu yako haiiti. Sikulaumu.

Nakujulisha ili usishtuke ukiniona. Alhamisi ya tarehe kumi na saba nitakuja huko. Sitakuja kwako. Nina kazi na mtu mwingine.

Mjomba wako


18 Julai

Shikamoo Mjomba,

Naandika kabla sijabadili mawazo.

Kwanza ujue kwamba barua yako ya Mei niliipata. Siku iliyofuata nilikwenda kazini alfajiri nikamkuta Mzee Deki anakamua deki uani. Nilimwambia yote, na kwamba ulikuwa wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwaga maji machafu, akasuuza ndoo. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uniulize. Hukuniuliza. Uliniambia." Nikapiga magoti pale pale kwenye maji. Aliniinua, lakini hakutabasamu, na alikaa wiki tatu nyingine kabla ya kurudi Alhamisi. Kwenye chumba cha chai niliwaambia wauguzi nilivyomsingizia. Wengine waliona haya, wengine wakaendelea kumwita Redio kwa sababu wamelizoea.

Jana asubuhi alinifuata penye makasha yangu, akaniambia, "Mjomba wako amekuja." Akanisimulia. Kwamba ulimngoja nje ya geti tangu saa moja. Kwamba ulijitaja, ukasema ulilokuja kusema, na yeye akakuambia, "Mimi nilichafuliwa mbele ya watu. Kasemee mbele ya watu." Alikasirika, Mjomba, wala hakunificha. Alifikiri utarudi stendi. Mimi pia.

Kwa hiyo ulipoingia saa kumi na moja na kofia mkononi, na mashine bado hazijapoa chini, sikuweza kukutazama. Ulisema mbele yao kila kitu, pamoja na kule kupumua. Sikuona aibu kwa ajili yako. Nilishikwa na hasira, nikatoka. Ulifikiri nimeondoka. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi.

Nilisikia Mwalimu akikukaribisha kiti. Akakueleza kwamba wameianza sala upya na sasa wamefika mstari wa mwisho, kila mtu atausema kwa maneno yake, na kwamba wewe unaweza kupita bila kusema. Nilimsikia Fundi Bomba, nikamsikia Mkunga. Halafu kiti kikakwaruza sakafu. Nikajua ni zamu yako, na nikajua utasema asante nimepita.

Nayaandika uliyosema, kwa sababu huenda huyakumbuki. Ulisema: "Bwana, mimi sijui kusema hivi. Dada yangu ulimwacha akafa, watu wanaimba. Tangu siku ile sikukuamini. Jumapili naenda kukuchunga. Mtoto naye nimemchunga hivyo hivyo, nikamwumiza. Nimemwumiza na mzee wa watu. Sijui niombe nini. Nimemaliza."

Aliyesema amina wa kwanza alikuwa Mzee Deki. Sauti yake naijua.

Ulipotoka ulinipita pale kwenye ngazi. Uliniona. Ulishika ukuta, ukasimama kidogo, nami sikukuita, ukashuka. Nilikusikia hatua kwa hatua mpaka barabarani.

Sijui kama nimekusamehe. Mwalimu anatukataza kumwambia Mungu kitu tusichokuwa nacho, kwa hiyo hilo sijalisema. Leo asubuhi kabla ya kazi nilijaribu kukutaja kwenye maombi. Nilifika kwenye jina lako, nikanyamaza. Lakini nilikaa hapo hapo, sikukuruka.

Umesahau kofia yako juu ya kiti. Nilitaka kuipeleka posta, Mzee Deki akaninyang'anya. Anasema atakaa nayo yeye, na mwenye kofia anajua tunapokutana.

Mpwa wako